Majitaka yakifurika: Wajibu wa wakazi katika kuokoa mito ya Nairobi

KILA msimu wa mvua unapowadia, wakazi wa mitaa mingi jijini Nairobi hushuhudia tukio lile lile. Vifuniko vya mashimo ya majitaka huinuka, uchafu hububujika barabarani, watoto huruka vidimbwi vyeusi wakielekea shuleni na wauzaji wa mboga hulazimika kuhamisha bidhaa zao. Saa chache baadaye uchafu huo huwa umeteremka bondeni na kuingia mtoni.

Lawama huelekezwa moja kwa moja kwa serikali ya kaunti na kampuni ya maji, na mara nyingi lawama hizo huwa na msingi. Hata hivyo, mafundi wanaozibua mabomba hayo huvuta humo vitu ambavyo asili yake ni majumbani na vibandani: matambara, nepi, sodo, mifuko, mifupa, mchanga na mabonge ya mafuta yaliyoganda. Hii ina maana kwamba sehemu ya tatizo, na kwa hivyo sehemu ya suluhisho, imo mikononi mwa wakazi wenyewe.

Makala haya yanaeleza jinsi mfumo wa majitaka unavyofanya kazi, kwa nini hufurika, na hatua ambazo kila mpangaji, mwenye nyumba na mfanyabiashara anaweza kuchukua bila kusubiri mradi wa mabilioni.

Safari ya majitaka

Maji yanayotoka chooni, bafuni na jikoni huingia katika bomba dogo la nyumba au ploti. Bomba hilo huungana na bomba la mtaa, nalo huungana na bomba kuu. Katika sehemu kubwa ya Nairobi hakuna mtambo unaoyasukuma maji hayo. Huteremka yenyewe kwa sababu bomba limelazwa kwa mwinamo. Ndiyo maana mabomba makuu yamejengwa mabondeni, kando ya mito, mahali ambapo ardhi iko chini zaidi.

Mpango huo hupunguza gharama ya umeme, lakini una hatari yake. Bomba kuu likiziba au kupasuka, majitaka hayana mbali pa kwenda kabla ya kufika mtoni.

Mambo yakienda sawa, majitaka ya jiji huishia katika vituo vya kuyasafisha. Kile cha Kariobangi kilijengwa katika miaka ya 1960. Kile kikubwa zaidi kiko Ruai, mashariki mwa jiji, ingawa wengi hukiita kituo cha Dandora. Kilianza kazi karibu mwaka 1980, na baada ya kupanuliwa kilikusudiwa kusafisha takriban mita za ujazo 160,000 kwa siku. Kituo hicho hutumia mabwawa yaliyopangwa kwa mfuatano. Katika mabwawa ya kwanza uchafu mzito hutuama na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. Katika yale yanayofuata, miani, jua na upepo huongeza oksijeni na viini vya maradhi hufa. Maji yanayotoka katika bwawa la mwisho ndiyo yanayostahili kurudishwa katika Mto Nairobi.

Majitaka yaliyomwagika njiani hayapitii hatua hata moja kati ya hizo.

Mito mitatu, jamii nyingi

Jina la Nairobi lina asili yake katika maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukapitia katikati mwa jiji. Mto Mathare hupitia mitaa ya Mathare na Korogocho. Mto Ngong, ambao sehemu yake ya juu huitwa Motoine, hupitia Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953 kando ya mahali ulipo mtaa wa Kibera, kisha Eneo la Viwanda na Mukuru. Bwawa hilo lililowahi kuwa mahali pa kuendeshea mashua kwa burudani lilijaa matope na kufunikwa na magugu maji yaliyoneemeka kwa rutuba ya majitaka.

Mito hiyo mitatu huungana mashariki mwa jiji na kumiminika katika Mto Athi. Athi hupita Machakos, Makueni na Kitui, hubadilika jina na kuitwa Galana, kisha Sabaki, na hatimaye kuingia katika Bahari Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2018 mpakani mwa Makueni na Kitui, limekusudiwa kukusanya maji ya mto huu huu.

Kwa hivyo nepi inayotupwa chooni Umoja au Kawangware haiishii hapo. Ikiziba bomba, anayeumia kwanza ni jirani wa mtaa wa chini. Anayefuata ni mama wa Machakos anayechota maji ya Athi kwa mtungi, na mwisho ni mvuvi aliyeko mdomo wa Sabaki.

Kwa nini mabomba hufurika

Sababu za kufurika ni nyingi, lakini zinaweza kugawanywa katika makundi manne.

Ya kwanza ni kuziba. Mafuta ya kupikia huingia bombani yakiwa moto na majimaji, yakapoa na kuganda kwenye kuta za bomba. Chembe za unga, nywele na matambara hunasa humo na njia hupungua siku baada ya siku. Jambo hili si la Nairobi pekee. Mwaka 2017, katika mtaa wa Whitechapel jijini London, mafundi waligundua bonge la mafuta na vitambaa lililokadiriwa kuwa na uzani wa tani 130 na urefu wa mita 250. Ikiwa jiji lenye vifaa vya kisasa kama hilo lilielemewa, sembuse letu.

Ya pili ni maji ya mvua. Kwa kawaida mitaro ya maji ya mvua na mabomba ya majitaka ni mifumo miwili iliyotenganishwa. Bomba la majitaka hupimwa kulingana na maji yanayotumiwa nyumbani, wala si gharika. Watu wanapoelekeza maji ya paa katika bomba hilo, au kufungua vifuniko ili kuondoa mafuriko uani, bomba hujaa kupita kiasi na kutapika mahali palipo chini zaidi.

Ya tatu ni uharibifu. Vifuniko vya chuma huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Shimo likibaki wazi, taka, mawe na mchanga huingia, na mtu au mtoto anaweza kutumbukia. Kwingineko mabomba hutobolewa au kuzibwa makusudi ili majitaka yaelekezwe mashambani. Mizizi ya miti nayo hupenya kwenye viungo vya mabomba ikifuata unyevu.

Ya nne ni ukuaji wa jiji. Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha Nairobi ikiwa na watu zaidi ya milioni 3.1. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha karibu milioni 4.4. Mahali palipokuwa na nyumba moja pamesimama jengo la ghorofa lenye familia nyingi, ilhali bomba la barabarani mara nyingi ni lile lile la zamani. Isitoshe, baadhi ya majengo yamejengwa juu ya mabomba, kiasi kwamba fundi hawezi kulifikia shimo bila kubomoa ukuta wa mtu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu. Ukosefu wa maji pia huchangia kuziba. Maji yanapokatika kwa siku kadhaa, uchafu hukosa maji ya kuusukuma, hutuama na kukauka bombani. Mvua ya kwanza ikinyesha, bomba huwa tayari limeziba.

Hasara yake ni uhai

Kinyesi cha binadamu hubeba viini vya kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, homa ya ini aina ya A na mayai ya minyoo. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 na kuendelea mwaka 2023 ulienea katika kaunti nyingi, Nairobi ikiwemo. Maradhi haya huua haraka kwa kumaliza maji mwilini, na watoto wadogo ndio walio katika hatari kubwa zaidi.

Hatari huzidi katika mitaa inayopata maji kwa mgao. Mifereji inapokuwa haina maji, msukumo ndani yake hupungua na mabomba yenye nyufa huweza kufyonza uchafu uliotuama juu yake. Maji yakirudi, uchafu huo hufika mferejini. Mkazi anayeishi mbali na mahali pa mfuriko hajui kwamba kikombe anachompa mwanawe kimepitia dimbwi la majitaka.

Mtoni madhara ni ya namna nyingine. Bakteria wanaoozesha kinyesi hutumia oksijeni iliyo majini, na samaki na viumbe wengine hukosa hewa. Naitrojeni na fosforasi zilizomo hurutubisha magugu maji. Maji huwa meusi na kutoa harufu ya mayai yaliyooza, na mto hugeuka kuwa mtaro.

Jikoni: Pangusa kabla ya kuosha

Hatua ya kwanza na rahisi zaidi huanzia jikoni. Kabla ya kuosha sufuria au kikaango, pangusa mafuta kwa karatasi kuukuu na uitupe katika pipa la taka. Mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga chapati, mandazi au samaki yaachwe yapoe, yamiminwe katika chupa au kopo lenye kifuniko, na kopo likijaa litupwe pamoja na taka ngumu.

Wengi hudhani kwamba maji ya moto na sabuni huyamaliza mafuta. Ukweli ni kwamba huyasogeza tu mita chache mbele, yakapoa na kuganda katika bomba la mtaa ambako ni vigumu zaidi kuyafikia.

Hebu tupige hesabu. Ploti yenye nyumba 40, ambapo kila nyumba humwaga kijiko kimoja cha mafuta kwa siku, yaani mililita 15, humwaga mililita 600 kila siku. Kwa mwezi mmoja hizo ni lita 18, karibu ndoo nzima ya lita 20. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujaa bombani.

Aidha, weka kichujio kwenye tundu la sinki ili kinase mabaki ya ugali, wali, majani ya chai na maganda. Wanaosugua sufuria kwa mchanga au majivu wasiyamwage maji hayo katika sinki. Mchanga hauozi wala hauelei. Hutuama katika bomba na kuwa kama saruji ukichanganyika na mafuta.

Chooni: Vitu vitatu pekee

Kanuni ya choo cha kuvuta maji ni fupi. Vitu vinavyopaswa kuingia humo ni vitatu: haja ndogo, haja kubwa na karatasi laini za chooni. Karatasi hizo zimetengenezwa zisambaratike zikilowa. Gazeti, karatasi za daftari na vitambaa havisambaratiki kwa urahisi.

Sodo na nepi zimeundwa kunyonya maji na kufura. Zikiingia bombani hufanya kazi hiyo hiyo na kuliziba. Vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto, hata vile ambavyo pakiti yake husema vinaweza kutupwa chooni, mara nyingi huwa na nyuzi za plastiki zisizooza. Kondomu, pamba, nywele na mifuko viko katika kundi hilo hilo.

Hapa wenye nyumba wana wajibu. Msichana au mama anayetumia choo cha pamoja kisicho na pipa hana pa kutupa sodo ila chooni. Pipa dogo lenye kifuniko katika kila choo, linalomwagwa mara kwa mara, hugharimu pesa kidogo kuliko kumwita fundi mara moja.

Rangi za kupaka nyumba, mafuta ya gari yaliyotumika, dawa za kuua wadudu na tembe zilizopitwa na wakati pia zisimwagwe chooni. Vitu hivi huweza kuwaua bakteria wanaosafisha majitaka katika mabwawa, na huko Ruai kazi kubwa hufanywa na viumbe hao wadogo.

Hatimaye, usipoteze maji safi kuvuta choo. Maji ya kufulia na kusuuzia nguo yanaweza kuwekwa katika ndoo na kutumiwa chooni. Hatua hii hupunguza gharama na wakati huo huo huhakikisha kuna maji ya kusukuma uchafu siku ambazo mifereji imekauka.

Maji ya mvua yana njia yake

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba moja ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la mita mraba 100 likipata mvua ya milimita 40 hutoa lita 4,000 kwa mvua hiyo moja. Paa kumi za aina hiyo zikielekezwa katika bomba la majitaka humwaga lita 40,000 mahali ambapo hapakutengwa kwa ajili yake.

Mwenye nyumba na achunguze bomba linaloteremsha maji kutoka paani linaishia wapi. Likiwa limeunganishwa na bomba la majitaka, litenganishwe. Maji hayo yaelekezwe katika tangi, shambani au katika mtaro wa mvua. Katika jiji lenye mgao wa maji, tangi la kuvuna maji ya paa ni faida mara mbili.

Vilevile, kidimbwi cha nje ambamo maji ya bafu na jikoni hukutana kijengewe ukingo ulioinuka kutoka ardhini ili maji ya uani yasiingie. Kamwe usifungue kifuniko cha shimo la majitaka ili kuondoa maji ya mafuriko. Unayoyaondoa kwako yatatokea mlangoni kwa mwenzako yakiwa yamechanganyika na kinyesi.

Mitaro ya mvua nayo si jalala. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, lakini chupa na vifungashio vingine bado hujaa mitaroni. Mtaro ukiziba, maji hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu mara nyingi ni shimo la majitaka lisilo na kifuniko. Wakazi wanaosafisha mitaro kabla ya mvua za Machi na Oktoba huzuia mifuriko ya aina zote mbili.

Wenye nyumba, hoteli na gereji

Mwenye ploti ndiye mwenye jukumu la mabomba yaliyo ndani ya ua wake. Inafaa ajue mashimo yake yako wapi, ayafungue na kuyakagua kabla ya kila msimu wa mvua, na asijenge chumba, kibanda au ukuta juu yake. Akiongeza ghorofa, aombe kwanza ushauri na kibali kuhusu uwezo wa bomba lililopo. Miti yenye mizizi mikubwa ipandwe mbali na njia ya bomba.

Hoteli, vibanda vya chipsi, vichinjio na vyumba vya nyama choma huzalisha mafuta mengi kuliko nyumba. Biashara hizi zinastahili kuwa na kisanduku cha kunasia mafuta, kinachowekwa kati ya sinki na bomba la nje. Maji yakitulia humo, mafuta huelea juu na mabaki hutuama chini, na maji yaliyo katikati ndiyo yanayopita. Kisanduku kisichosafishwa hakina faida yoyote, kwani kikijaa mafuta hupita kama kawaida.

Gereji na vituo vya kuosha magari vinahitaji shimo la kutuamishia mchanga na mafuta kabla ya maji kutoka. Viwanda vinatakiwa kisheria kupata idhini na kusafisha maji yao kwanza kabla ya kuyaelekeza katika mabomba ya umma.

Mitaa isiyo na mabomba

Wakazi wengi wa Nairobi hawajaunganishwa na mabomba ya majitaka. Wengine wana matangi ya kutuamishia uchafu, na wengi katika mitaa ya mabanda hutumia vyoo vya shimo. Huko pia mto uko hatarini.

Tangi la uchafu likijaa, uchafu mzito hutoka pamoja na maji na kuziba ardhi inayoyanyonya. Ni vyema likaguliwe na kunyonywa kabla halijafurika. Anayekodi lori la kunyonya uchafu amuulize dereva atakwenda kuumwaga wapi. Bei ya chini kupita kiasi inaweza kuwa dalili kwamba mzigo utamwagwa mtoni au katika shimo la kwanza lililo wazi usiku. Wanaozoa uchafu wa vyoo vya shimo kwa mikono wapewe vifaa vya kujikinga na mahali halali pa kuupeleka. Wakinyimwa mahali hapo, mto ndio utakaopokea.

Kuna mifano ya kutia moyo. Kibera kuna vyoo vya jamii ambavyo kinyesi chake huozeshwa chini ya ardhi na kutoa gesi ya kupikia. Mukuru kuna vyoo ambavyo uchafu wake hukusanywa katika vyombo maalumu na kugeuzwa mbolea. Vyoo hivi huonyesha kwamba msongamano wa nyumba si kisingizio cha kuuachia mto mzigo wote.

Kuhusu wakulima wa kandokando ya mito, ukweli usemwe bila kuumana. Wengi hutumia majitaka kwa sababu hawana maji mengine na familia zao zinategemea mashamba hayo. Lakini kutoboa bomba la umma hufanya uchafu umwagike pasipo udhibiti, na sukumawiki iliyonyunyiziwa majitaka ghafi huweza kubeba viini na mayai ya minyoo hadi mezani. Mlaji naye azioshe mboga vizuri kwa maji safi na kuzipika zikaiva.

Majitaka yakifurika, fanya haya

Kwanza, waondoe watoto na wanyama mahali hapo. Zuia watu kukanyaga dimbwi kwa kuweka alama inayoonekana, hasa ikiwa kifuniko hakipo.

Pili, pigia simu kampuni ya maji au fika katika ofisi yake ya mtaa. Eleza jina la barabara, jengo au alama iliyo karibu, iwapo majitaka yanatoka shimoni au katika bomba lililopasuka, yalianza lini, na kama yanafika mtoni. Omba nambari ya malalamiko na uiandike pamoja na tarehe. Ripoti iliyoandikwa ni vigumu kuikana.

Tatu, ikiwa uchafu unarudi ndani ya nyumba, funga mifereji na uache kuvuta choo. Waombe majirani wa ghorofa za juu wafanye vivyo hivyo, kwa kuwa maji yao ndiyo yanayokuja kwako.

Nne, chemsha maji ya kunywa au yatibu kwa klorini hata kama yametoka mferejini. Nawa mikono kwa sabuni. Mtu akianza kuhara maji maji, apewe maji yenye chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji mwilini na apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Tano, usiingie shimoni wala kumtuma kijana wa mtaani aingie kwa malipo kidogo. Uchafu unaooza hutoa gesi yenye sumu ambayo humwangusha mtu kwa muda mfupi mno, na anayeingia kumwokoa huangamia pia. Kazi hiyo ni ya mafundi wenye vifaa.

Haki iliyo mkononi mwa mwananchi

Wajibu wa mkazi hauiondolei serikali wajibu wake. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 hutambua haki ya usafi wa kiwango kinachofaa, na Kifungu cha 70 humruhusu mtu kwenda mahakamani haki ya mazingira inapokiukwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Huduma za maji na majitaka ziko chini ya serikali za kaunti.

Kwa hivyo, malalamiko yasiposhughulikiwa na kampuni ya maji, mwananchi anaweza kuyafikisha kwa Wasreb, bodi inayodhibiti huduma za maji. Uchafuzi wa mto huripotiwa kwa Nema, mamlaka ya mazingira iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1999, au kwa mamlaka ya rasilimali za maji. Vikao vya umma vya kujadili bajeti ya kaunti navyo ni mahali pa kuuliza ni pesa ngapi zimetengewa mabomba ya wadi yenu. Malalamiko ya chama cha wakazi husikizwa upesi kuliko ya mtu mmoja.

Juhudi za serikali zimekuwa zikija na kupoa. Marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira tangu mwaka 2008 hadi kifo chake mwaka 2012, alisimamia usafishaji uliorudisha sura ya sehemu ya Mto Nairobi, na bustani iliyo karibu na katikati mwa jiji hubeba jina lake. Mwishoni mwa mwaka 2022 tume ya mito ya Nairobi iliundwa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyosomba nyumba na watu mabondeni yalikumbusha kila mtu kwamba mto uliosongwa haumwogopi yeyote. Machi 2025 serikali ilizindua mpango mwingine wa kuufufua Mto Nairobi, unaohusisha pia ujenzi wa mabomba ya majitaka.

Mipango hii itafaulu ikiwa mabomba hayo mapya hayatazibwa kwa mafuta na nepi kama yale ya zamani. Mto hauwezi kusafishwa kutoka chini ilhali unachafuliwa kutoka juu. Kazi huanzia kwenye sinki, kwenye pipa dogo la chooni na kwenye mtaro ulio mbele ya lango. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa majitaka hujengwa kwa gharama ya afya ya watoto wetu.